Shajara ya Kegi Mbili: Kuzigeuza kuwa Sufuria za Kupikia Pombe Nyumbani

Jumamosi, 6 Aprili 2024: Kuzipata na kuzifungua

Naanza shajara hii hapa Saint Paul, Minnesota, kwa ajili ya wenzangu wanaopika pombe ya shayiri nyumbani na ambao, kama mimi, wamechoka kugawa mapishi ya siku moja katika sufuria tatu za jikoni zisizochemka kwa pamoja. Nimekusudia kuzigeuza kegi mbili, yaani mapipa ya chuma ya bia, ziwe sufuria kubwa. Moja itakuwa ya kuchemshia maji ya kimea pamoja na hopsi, maua yanayoitia bia uchungu, na nyingine itakuwa ya maji ya moto ya kuloweshea kimea. Kila moja itachomelewa soketi mbili (vipande vifupi vya bomba vyenye hesi, yaani mifereji ya kukazia) za nusu inchi: ya chini kwa ajili ya koki, na ya juu yake kidogo kwa ajili ya kipimajoto.

Kegi ninazozungumzia ni zile kubwa zinazotumika Marekani, zenye ujazo wa galoni 15.5, yaani lita 58.7. Ikiwa tupu huwa na uzito wa kama kilo 13 na nusu, na hutengenezwa kwa stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya daraja la 304. Ukitaka kupika lita 38 kwa mara moja, ujazo huo unakupa nafasi ya kutosha povu lipande bila kumwagika.

Jambo la kwanza ambalo ningependa lifuatwe na kila atakayeiga kazi hii ni uhalali wa kegi yenyewe. Anayelipa amana dukani ili aende na kegi yenye bia hajainunua kegi. Ameazima tu, na mali inabaki ya kiwanda ambacho jina lake limepigwa mhuri juu yake. Kegi zangu nilizinunua kwa dola 45 kila moja kutoka kwa kiwanda kidogo kilichokuwa kinafunga kazi, na nikapewa stakabadhi. Kupika kwenyewe ni halali tangu sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, ambayo inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, mradi pombe isiuzwe.

Kegi iliyoonekana tupu bado ilikuwa na hewa ya shinikizo ndani. Niliifunika vali kwa taulo zito, nikageuza uso pembeni, nikabonyeza kwa bisibisi hadi mlio ulipokwisha kabisa, ndipo nikaitoa pete ya kubana na kuuchomoa mrija wa ndani. Mtu akiitoa pete hiyo kabla ya kuutoa upepo, mrija hufyatuka kama mkuki na unaweza kuua. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuosha tu.

Jumamosi, 13 Aprili: Kukata mdomo

Nimekata uwazi wa sentimita 30 juu ya kila kegi kwa grainda na mawe membamba ya kukatia stenlesi, ya unene wa milimita moja. Kegi ya kwanza niliikata kwa mkono, nikifuata mstari wa kalamu, na nilipofika robo tatu ya mzunguko nilikuwa nimetoka nje ya mstari kwa karibu sentimita moja. Uwazi umekuwa na umbo la yai, na kifuniko kinakaa upande mmoja.

Kwa kegi ya pili nilitengeneza kielekezi kwa kipande cha mbao: nilitoboa tundu upande mmoja wa ubao, nikapitisha bolti ndefu katikati ya shingo ya kegi ili ubao uzunguke hapo, kisha nikaifunga grainda upande wa pili kwa umbali wa sentimita 15. Ubao ulizunguka kama mkono wa saa na mkato ukatoka duara safi. Uandaaji huo ulichukua nusu saa, na uliokoa zaidi ya saa nzima ya kusawazisha kwa tupa. Makali ya mkato nimeyalainisha kwa diski ya msasa hadi nikaweza kupitisha kitambaa cha pamba pote bila kunasa, kwa sababu mkono wangu utaingia humo kila nitakapoosha.

Vile vipande vya duara vilivyotoka juu msivitupe. Sababu itaonekana mwezi wa Mei.

Jumamosi, 20 Aprili: Kutoboa

Soketi zangu zina kipenyo cha nje cha milimita 28 na nukta kadhaa, kwa hiyo tundu linalofaa ni la inchi moja na moja ya nane. Nimeweka kitovu cha tundu la chini sentimita 6 juu ya mshono wa pete ya chini. Kabla ya kutoboa, shikeni koki mahali itakapokaa na mzungushe mkono wake wote, kwani tundu likiwa chini mno koki hugonga pete hiyo na haiwezi kufungwa.

Hapa nilipoteza biti ya kutobolea ya dola 18. Nilianza kwa mwendo wa kasi na mkono mwepesi, kama mtu anayetoboa bati, na biti ikawa inasugua bila kukata. Stenlesi ya 304 ina tabia ya kuwa ngumu zaidi pale inaposuguliwa, hivyo baada ya dakika mbili palikuwa na kidoa kinachong'aa kama kioo, na ncha ya biti ilikuwa imegeuka rangi ya samawati. Nilijaribu biti ya pili mahali palepale, nayo ikateleza.

Njia iliyofaulu ilikuwa kutoboa kutokea ndani, upande ambao haujasuguliwa, kwa biti ya kobalti ya milimita 5, halafu kupanua kutoka nje kwa biti ya ngazi. Drili iwe kwenye gia ya chini kabisa, mizunguko isiyozidi 200 kwa dakika, mafuta ya kukatia yawepo muda wote, na mkono ukandamize kwa uzito hadi uone vinyweleo virefu vya chuma vikitoka. Vikiacha kutoka na ukaona vumbi, simama, ongeza mafuta, kisha kandamiza zaidi. Matundu matatu yaliyobaki yalichukua chini ya dakika kumi kila moja.

Jumamosi, 27 Aprili: Mshono wa kwanza, ulioshindwa

Mashine ya kuchomelea ya tigi, inayotumia ncha ya tungsteni, nimeiazima kwa rafiki, na mtungi wa argoni, gesi ya kukinga chuma kinapoyeyuka, nimejaziwa kwa dola 64. Tungsteni ni ya milimita 1.6, waya wa kujazia ni 308L wa unene huohuo, na umeme nimeuweka kwenye ampea 60. Nilianza na kegi ya kwanza, soketi ya koki.

Kwa nje mshono ulipendeza. Mawimbi yake yalikuwa karibu sawa, rangi yake ilikuwa ya dhahabu ikielekea samawati, nami niliridhika nikazima mashine. Kisha nikamulika ndani kwa tochi. Kuizunguka soketi yote, pale chuma kilipoyeyuka na kupenya upande wa pili, palikuwa na ukoko wa punje nyeusi, mfano wa sukari guru iliyoungulia sufuriani. Nilipoukwangua kwa ukucha baadhi ya punje zilidondoka, na chini yake palikuwa na vijitundu.

Chanzo ni hewa. Argoni inayotoka kwenye tochi ya kuchomelea huukinga upande wa mbele peke yake. Upande wa nyuma, chuma kilichoyeyuka kinakutana na oksijeni kikiwa uchi, na kromu iliyomo, ambayo ndiyo inayokizuia chuma hiki kushika kutu, inaungua na kuwa ukoko. Ukoko huo hunasa masalia ya kimea ambayo huungua katika kila pishi linalofuata, na ndipo kutu huanzia. Nilikuwa nimesoma kwamba upande wa ndani unahitaji gesi yake, lakini nilidhani ni sharti la viwanda, lisilohusu sufuria ya nyumbani. Nilikosea.

Kosa la pili lilijitokeza nilipojaribu kufunga koki. Kabla ya kuchomelea, koki iliingia kwa mkono mizunguko minne na zaidi. Sasa imeingia mzunguko mmoja na nusu ikakwama. Joto limeivuta soketi hadi tundu lake limepoteza uduara, na hesi zake zimepinda. Nililazimisha kwa spana, nikajaza maji lita 20, na baada ya saa moja sakafu ya banda la gari ilikuwa imelowa.

Jumamosi, 4 Mei: Gesi ya upande wa nyuma

Nimemwomba msaada mzee mmoja mwenyeji wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi alichomelea matangi ya maziwa katika viwanda vya Wisconsin na vya hapa Minnesota. Baada ya shikamoo na marahaba sikumweleza kitu. Nilimpa tochi ya kumulikia, akainama juu ya kegi bila kuutazama mshono wa nje hata mara moja, akapitisha kidole ndani. Kisha akasema: "Mwanangu, nje umeupamba, ndani umeuacha uchi. Na maziwa hukaa ndani." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiukagua mshono kuanzia ndani.

Kazi ya leo imefanyika kwenye kegi ya pili, na naieleza kwa kirefu kwa sababu mradi wote unategemea hatua hii.

Kwanza, kusafisha. Sentimita tatu kuizunguka tundu, ndani na nje, zilisuguliwa kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kisha zikapanguswa kwa asetoni. Soketi nayo ilifanyiwa vivyo hivyo.

Pili, soketi ilipitishwa ukutani hadi nusu yake ikawa ndani na nusu nje. Nimechagua soketi nzima, yenye hesi pande zote mbili, ili upande wa nje ushike koki na wa ndani ushike bomba la kunyonyea kutoka chini ya kegi. Upande wa nje mzee alikaza plagi nzito ya shaba ya manjano. Kazi yake ni mbili: kunywa joto na kuzishikilia hesi katika umbo lake hadi chuma kipoe. Alisisitiza kwamba plagi isifunguliwe hadi soketi iweze kushikwa kwa mkono mtupu.

Tatu, chumba cha gesi. Badala ya kujaza kegi nzima argoni, jambo ambalo lingemaliza mtungi, alikata kopo la samaki, akatoboa tundu dogo la mpira wa gesi na jingine dogo zaidi la kutolea hewa, kisha akalibandika ndani juu ya soketi kwa karatasi ya aluminiamu na gundi ya utepe inayostahimili joto. Argoni ikafunguliwa kwa lita 5 kwa dakika, tukasubiri dakika nne kabla ya kuwasha moto. Argoni ni nzito kuliko hewa, hivyo tundu la kutolea linapaswa kuwa juu, la sivyo hewa inabaki imenaswa kwenye pembe ya juu ya kopo. Kwa sababu hiyohiyo, mtu asiingize kichwa ndani ya kegi baada ya kazi: gesi hiyo haina harufu, hutua chini, na humnyima mtu pumzi bila onyo. Tuliilaza kegi na kuiacha mlango ukiwa wazi.

Nne, moto wenyewe. Ukuta wa kegi, kwa kipimo changu cha kalipa, una milimita 1.5, na soketi ina zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilikuwa nimeuelekeza moto katikati, na ndiyo maana ukuta uliungua huku soketi ikichelewa. Mzee alishusha ampea hadi 50, akauelekeza moto kwenye soketi, akangoja soketi ianze kung'aa na kulegea, ndipo akausogeza kidogo ukaramba ukuta na kutia tone la waya. Alishona robo ya mzunguko, akahamia robo iliyo mkabala, akapumzika hadi papoe, akarudi. Kila alipozima aliiacha tochi ya kuchomelea palepale kwa sekunde kadhaa ili gesi iendelee kukikinga chuma kinachopoa.

Tulipobandua kopo, upande wa ndani ulikuwa na mstari mwembamba wa fedha wenye kivuli cha njano hafifu, laini kiasi kwamba ukucha uliteleza. Koki iliingia mizunguko minne kwa mkono. Nilisimama pale nikiumulika mshono ule kwa muda mrefu. Soketi ya kipimajoto nimeichomelea mwenyewe mzee akiangalia, na ingawa mawimbi yangu hayakulingana na yake, ndani palikuwa safi vilevile.

Jumamosi, 11 Mei: Kiraka cha kegi ya kwanza

Ukoko wa nyuma hauwezi kufunikwa kwa kuchomelea juu yake. Lazima uondolewe wote. Niliamua kuikata soketi iliyoharibika pamoja na chuma kilichoizunguka kwa msumeno wa duara wa milimita 63, kisha nikachonga kiraka kutoka kwenye kile kipande kilichotoka mdomoni mwa kegi mwezi uliopita. Ni chuma kilekile na unene uleule, wala hakikunigharimu chochote.

Ukuta wa kegi una upinde, hivyo kiraka nilikikunja kwanza kwa kukigonga taratibu kwa nyundo ya mpira juu ya bomba nene lililobanwa kwenye jiriwa, hadi katikati yake ikainuka milimita mbili na nusu. Soketi mpya niliichomelea kwenye kiraka kikiwa bado mezani, ambapo kukinga nyuma yake kwa gesi ni rahisi mno. Baada ya hapo kiraka kilishikizwa kwenye kegi kwa nukta nane, kila nukta ikifuatiwa na ile iliyo mkabala nayo, ndipo nikaunganisha.

Pamoja na uangalifu huo kiraka kimezama ndani kwa karibu milimita mbili, kwa sababu mshono unapopoa hujikaza kama uzi unaovutwa. Nimekigonga kutoka ndani kwa ncha ya mpini, kikarudi zaidi ya nusu. Hakivuji. Kama ningeanza upya, ningeweka nukta kumi na mbili na kupumzika kwa muda mrefu zaidi kati yake. Soketi ya kipimajoto ya kegi hii imechomelewa siku hiyohiyo bila tatizo.

Jumamosi, 18 Mei: Kutu

Kegi zote mbili zilijazwa maji na kuachwa siku mbili. Hakuna tone lililotoka kwenye mishono, na vivujio viwili kwenye hesi viliondoka nilipoongeza tepu nyeupe ya mafundi bomba hadi mizunguko mitano. Lakini kegi ya kwanza imeonyesha madoa ya rangi ya chungwa pembeni mwa kiraka, upande wa nje na wa ndani.

Nilikumbuka kwamba siku ya kiraka, brashi ya stenlesi iliponipotea, nilichukua brashi ya waya ya kawaida kwa dakika moja. Dakika hiyo ilitosha kupachika chembe za chuma cha kawaida kwenye uso wa stenlesi, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu. Isitoshe, ile rangi ya samawati na kahawia iliyoachwa na joto ni ngozi iliyopungukiwa na kromu, nayo haijikingi vizuri.

Niliyasugua madoa na rangi yote kwa brashi sahihi na unga wa kusafishia wenye asidi ya oksaliki, nikasuuza, kisha nikaloweka vitambaa katika mchanganyiko wa gramu 100 za asidi ya limau kwa lita moja ya maji yenye joto la kama nyuzi 60, na kuvibandika juu ya mishono kwa saa moja, nikivimwagia mchanganyiko mpya kila vilipokaribia kukauka. Asidi hiyo huondoa chembe za chuma na kuiacha kromu ijijengee ngozi yake upya. Iko dawa maalumu ya kupaka ya kusafishia mishono inayouzwa viwandani, lakini ina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi mfupani, nami siishauri itumike nyumbani hata kidogo. Baada ya siku tatu za maji madoa hayajarudi.

Kwa wanaotaka kuiga kazi hii huko nyumbani, nina ombi moja. Nilikulia Marangu, Kilimanjaro, ambako ndizi za mbege, pombe ya Wachagga, huchemshwa katika mapipa, na najua jinsi ilivyo rahisi kupata bomba na soketi za mabati kwa fundi yeyote wa maji. Msizichomelee. Zinki iliyopakwa juu yake inapoungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua, na ile inayosalia huyeyukia taratibu katika pombe, kwa kuwa pombe ina uchachu wa asidi. Soketi ya stenlesi ni ghali zaidi, na ni gharama inayostahili.

Jumamosi, 1 Juni: Mapishi ya kwanza

Nilipima ujazo kwa kumimina maji lita tano tano na kukwaruza alama kwenye fimbo ya stenlesi; kila lita tano zinapandisha maji sentimita 4.3. Bomba la kunyonyea ni la shaba nyekundu, limekunjwa kufika karibu na kitovu cha kegi, ambapo sakafu yake ni ya chini kuliko kwingine.

Kegi ya pili imechemsha lita 42 za maji ya kimea kwa dakika 60 na kubakiza lita 37. Povu lilipanda ghafla lilipokaribia kuchemka, likafika vidole vinne chini ya mdomo, nikapunguza gesi likashuka. Koki ilitoa kila kitu isipokuwa lita moja pungufu kidogo pamoja na masalia ya hopsi.

Gharama zote za kegi mbili ni hizi: kegi dola 90, mawe ya kukatia 22, biti 52 pamoja na ile iliyoharibika, soketi tano 35, koki mbili 48, argoni 64, waya wa kujazia 19, asidi ya limau 12, mabomba ya kunyonyea na viungo vyake 31, na vipimajoto viwili 56. Jumla ni dola 429. Mzee alikataa malipo. Nimemwahidi chupa za mapishi haya zitakapokuwa tayari.

Baada ya kuosha nilimulika ndani. Kuizunguka soketi ya koki hapakuwa na alama ya kuungua, na kitambaa cheupe nilichopitisha juu ya mshono kimetoka cheupe. Kegi yenye kiraka itaanza kazi ya maji ya moto Jumamosi ijayo. Nitaikagua mara tatu za kwanza kabla ya kuiandika hapa kuwa imekamilika.